Nikidanganywa, Nitajua Lini?

Mdogo wangu mmoja wa Ilomba, Mbeya, ameniletea swali ambalo najua lipo vichwani mwa wengi wenu mliopata gari la kwanza miaka hii ya karibuni. Ana IST, anatoka kazini jioni, na foleni ya Mafiati ikisimama vijana wanamjia dirishani. Mmoja kashika taulo za kufutia, mwingine kopo la polishi, wa tatu chupa ya maji ya kijani ambayo anaapa ni kulanti ya Japani. Mumewe amemwambia vitu vya barabarani vyote ni feki, asishushe hata kioo. Yeye roho inamuuma, maana bei ni nusu ya ile ya dukani na vijana wenyewe ni rika la wadogo zake. Anauliza: "Dada, ninunue au niache?"

Wa Mbeya mugonile, wa Iringa kamwene. Kaeni tuongee.

Shemeji yangu ana nusu ya ukweli, na wewe mdogo wangu una nusu nyingine. Kosa ni kuvitia vyote kapu moja. Taulo na mafuta ya breki havihusiani kwa lolote isipokuwa mkono unaoviuza. Usianze kwa kuuliza kama kitu ni feki au orijino, kwa sababu pale barabarani huna namna ya kujua, na mara nyingi hata kijana anayekuuzia hajui. Kachukua mzigo wa jumla Mwanjelwa, na aliyempa kautoa Kariakoo. Jiulize hivi: nikidanganywa, nitajua lini? Jibu likiwa "sasa hivi" au "leo jioni nikiosha gari", nunua. Ukipigwa, umepigwa elfu tatu. Jibu likiwa "siku nashuka mlima Kitonga na watoto wako siti ya nyuma", pandisha kioo.

Kwenye taulo ndipo machinga anapokufaa kuliko mtu yeyote. Zile mikrofaiba, vitambaa laini vya rangi kali, zina ubora unaoweza kuupima ukiwa umekaa kwenye siti. Mikrofaiba ya kweli ina nyuzi zilizopasuliwa kuwa nyembamba sana, ndiyo maana inanasa vumbi na kunyonya maji. Ipitishe taratibu juu ya kiganja kikavu. Nzuri utaisikia inashikashika kwenye ngozi, hasa baridi ya Juni ikishakukausha mikono. Ikiteleza tu bila kushika popote, hiyo ni poliesta ya kawaida imetiwa rangi. Kisha tandaza kitambaa mapajani na udondoshe tone la maji ya kunywa juu yake. Likizama, lipa. Likikaa juu na kubingirika, mrudishie kwa heshima, mwambie hiki hakinyonyi. Hatakasirika, wateja wanaojua kupima wanamsaidia naye kujua achukue mzigo gani safari ijayo. Nyumbani kata ile lebo ya pembeni na upapase pindo, kwa sababu lebo ngumu na uzi wa nailoni wa pindo ndivyo vinavyokwaruza rangi wakati katikati ya kitambaa ni laini.

Ipo na ile taulo ya mpirampira inayouzwa ikiwa mbichi ndani ya kopo refu la plastiki. Watu wanaiona feki kwa sababu ikikauka inakakamaa. Imetengenezwa hivyo. Iloweke dakika chache itarudi kuwa laini, na kwa kukausha gari lililokwisha kuoshwa sijaona sababu ya kuilipia mara mbili dukani.

Lakini taulo nzuri haikusaidii kitu kama unafuta vumbi kavu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naona magari mazuri yanaharibiwa kila siku. Kiangazi kikikolea, hadi mvua zije Novemba, vumbi letu ni jingi, na Mbeya limezidi tangu ianze kazi ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Vumbi lile lina chembe za mchanga ndani yake. Ukipitisha kitambaa au brashi ya manyoya juu ya boneti kavu, unasugua mchanga kwenye rangi. Tazama boneti ya gari jeusi ambalo limefutwa hivyo mwaka mzima, lisimamishe juani: pale mwanga unapopiga utaona mikwaruzo midogo imejipanga duara juu ya duara. Hiyo haikutokana na ajali wala matawi. Ni kitambaa cha asubuhi. Maji kwanza, mengi, bila kugusa. Halafu sabuni. Halafu ndipo mkono uguse gari.

Kuhusu sabuni, wapo dada zetu wanaotengeneza sabuni ya maji nyumbani na kuizungusha mitaani kwenye chupa za soda na madumu. Wengine wamejifunza kwenye mafunzo ya SIDO, wengine kwenye vikundi vyao. Nawaunga mkono kwa moyo wote, na sabuni yao inaweza kuosha gari vizuri ukijua mambo mawili. La kwanza, uzito wa sabuni si ubora. Katika mapishi ya salfoniki na slesi, uzito huletwa kwa chumvi, na mtu anaweza kuiongeza ili mteja aone sabuni nzito. Chumvi na bati la gari havipatani. Kwa hiyo kifuniko kimoja au viwili kwenye ndoo nzima ya maji vinatosha, na suuza kuliko unavyodhani inahitajika. La pili ni soda ash. Ikizidi, sabuni inakausha ngozi na kuiwasha, na kwenye gari inaondoa nta yote inayolinda rangi. Ijaribu kwenye mkono wako kabla ya gari. Sabuni ya unga ya kufulia weka mbali kabisa, hata kama kijana wa kuosha magari anasema povu lake ni zuri.

Nimetaja nta, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sisi wa Nyanda za Juu tuna tatizo letu. Iringa ipo karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya karibu mita 1,700. Tunavaa masweta na kufikiri jua letu ni jepesi. Kumbe kila unapopanda mita 1,000, ile mionzi ya jua inayounguza huongezeka kama asilimia 10. Ndiyo maana unaona gari jekundu lililoegeshwa nje Gangilonga miaka michache limekuwa la waridi juu ya paa, wakati milango bado ni myekundu. Kwa hiyo polishi yenye nta si urembo kwetu. Gari linaihitaji, hasa miezi ya kiangazi ambapo anga ni wazi na mawingu hakuna.

Sasa polishi ya barabarani. Utaona kijana anatafuta mkwaruzo kwenye mlango wako, anapaka, anafuta, mkwaruzo hauonekani. Uzuri wa jambo hili ni kwamba unaweza kumpima palepale. Mwambie apitishe kitambaa chenye maji ya sabuni mahali alipofuta. Mkwaruzo ukirudi, ulikuwa umejazwa mafuta tu, na mvua ya kwanza ingekuonyesha. Usiporudi, basi kuna kitu cha pili cha kuangalia: chukua tone usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chengachenga kama unga wa dona, hiyo si polishi ya kulinda, ni kampaundi ya kukwangua. Inaondoa mkwaruzo kwa kuondoa vanishi iliyouzunguka, na vanishi hiyo kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Kampaundi ina kazi yake, sehemu ndogo, mara chache. Kuipaka gari zima kila mwisho wa wiki ni kulichuna. Na mkwaruzo ambao ukipitisha ukucha unanasa, usimlipe mtu yeyote kwa kopo lolote. Huo ni wa fundi rangi.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwenye dawa ya kung'arisha taa kubwa zilizopauka manjano, ambayo ni kampaundi kwa jina jingine, na hata dawa ya meno inafanya kazi hiyo. Taa itang'aa kweli, utafurahi. Lakini plastiki ile ilitoka kiwandani na utando wa kuikinga na jua, na ukishaukwangua bila kupaka kinga nyingine, kwa jua letu itarudi kupauka baada ya miezi. Kama fedha ni ndogo na unasafiri usiku, fanya tu, mwanga ni uhai. Jua tu kwamba utarudia.

Dawa ya kung'arisha tairi inuse. Ikinuka dizeli au oili chafu, usiiguse, maana mafuta ya namna hiyo yanadhuru mpira, na ule weusi mzuri unaouona leo unaharakisha nyufa za kesho kwenye ubavu wa tairi. Ya maji maji meupe, isiyonuka mafuta, haina shida ikikaa ubavuni tu, mbali na sehemu inayokanyaga barabara. Polishi ya dashibodi ndiyo ambayo wengi wenu mnaizidisha. Inayong'aa sana inarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele, na saa nane mchana ukitoka Makambako kuelekea magharibi utaendesha ukitazama picha ya dashibodi yako badala ya barabara. Usipake kabisa kwenye usukani na kwenye pedeli. Marashi ya kuning'iniza nunua unachopenda, ila chupa ya marashi ya maji usiiweke juu ya dashibodi. Ikimwagika inakula plastiki, na alama yake haitoki.

Waipa zinanisumbua kidogo, kwa sababu zinakaa mpakani. Kwa mtu wa mjini Iringa, waipa mbovu ni kero. Kwa mtu anayepanda Tukuyu mwezi Aprili, mahali penye mvua nyingi kuliko karibu popote nchini, na ukungu juu yake, ni hatari. Vuta ile midomo ya mpira kwa kidole: iwe laini, iliyonyooka, isiyo na kipande kilichomeguka, na uone inarudi mahali pake ukiiachia. Mwambie akufungie hapohapo, mwagia maji kioo, washa. Ikiacha mistari mbele ya macho ya dereva, avue. Machinga mwenye kibanda atakubali. Wa kwenye foleni hawezi, taa ya kijani itawaka, kwa hiyo waipa usinunue kwenye foleni.

Hapo tumemaliza vitu vya nje. Vitu vinavyoingia ndani ya gari ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie.

Kulanti kwanza, kwa sababu ndiyo uliyoulizia. Maji yenye rangi ya kijani ni kitu rahisi kuliko vyote kutengeneza: bomba, rangi, chupa. Kwa macho huwezi kuyatofautisha na kulanti. Sasa sikiliza kwa nini sisi tunaumia zaidi ya mtu wa Dar. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Mbeya yanachemka karibu nyuzi 94, kwa sababu hewa ni nyepesi. Feni ya rejeta kwenye magari mengi madogo huanza kuzunguka joto likifika nyuzi 90 na kitu. Unaona nafasi iliyobaki ilivyo ndogo? Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta, ambao unabana maji kwa shinikizo ili yasichemke mapema, pamoja na kulanti yenyewe, ambayo ikichanganywa nusu kwa nusu na maji inapandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Ukiwa na maji ya rangi tu, na mfuniko wa zamani ambao mpira wake umechoka, gari lako litaenda sokoni na kurudi miezi sita bila tatizo. Siku utakayotoka Ruaha Mbuyuni mchana wa Oktoba, umepakia, uko nyuma ya lori linalopanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea, kiyoyozi kimewashwa, hapo ndipo gari litachemsha. Umeokoa elfu chache, unalipa silinda hedi. Na kutu iliyokuwa inaila rejeta kimyakimya miezi yote hiyo hukuiona.

Mafuta ya breki ndiyo ninayoyaogopa kuliko vyote. Ukishuka mlima ukiwa umekanyaga breki muda wote, joto la pedi linahamia kwenye mafuta. Mafuta ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na DOT 4 nyuzi 230. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya, DOT 3 inaruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140, DOT 4 hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inakwenda chini hadi sakafuni bila gari kusimama. Hayo ni mafuta halali yaliyozeeka au yaliyoachwa wazi. Ya kwenye chupa ya barabarani iliyopimwa kutoka kopo kubwa, nani anajua ndani yake kuna nini? Kama yamechanganyika na oili ya kawaida hata kidogo, mipira yote ya mfumo wa breki inavimba. Wakazi wa Mbeya hamhitaji kusimuliwa na mimi nini kinatokea gari likikosa breki kwenye miteremko ya Iwambi, Simike au Igawilo. Tumezika watu.

Kwa hiyo mafuta ya breki yanunuliwe duka la spea, kopo dogo lililofungwa, utando wa ndani ukiwa haujatobolewa, ukilifungua wewe au fundi mbele yako. Soma mfuniko wa kichupa cha breki kwenye gari lako, umeandikwa DOT ngapi. Kinachobaki usikitunze kwa ajili ya mwakani. Na badilisha yote kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua. Mlimani shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia. Hata mafuta bora kabisa hayatakiwi kubeba Kitonga peke yake.

Oili ya injini ina ujanja wake, na ujanja wenyewe unaanzia kwako. Dumu zuri lenye nembo halisi na mfuniko wake lina soko likiwa tupu. Linajazwa kitu kingine, linarudi barabarani. Ukifanya sevisi, chukua bisibisi utoboe dumu lako tupu kabla hujaondoka gereji. Hakuna fundi mwema atakayeudhika. Na kama ni IST, Vitz au Probox, injini hizo hazimalizi lita nne, kwa hiyo kilichobaki kwenye dumu ni chako, rudi nacho nyumbani. Vijana wa bodaboda mnaonisoma, najua oili ya kupima ni nafuu na siku nyingine ndiyo uwezo uliopo. Basi mpimiwe na mtu mmoja mwenye duka linalojulikana, mnayemwona akichota kwenye pipa, siyo chupa iliyokuja imeshajazwa.

Maji ya betri na asidi ya betri: vyote havina rangi, vyote viko kwenye chupa zinazofanana. Betri inapopungua kwa matumizi inapoteza maji peke yake, asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi badala ya maji unaiua betri taratibu, na ukimwagikiwa unaungua. Nunua dukani, soma lebo mara mbili. Dawa za kumimina kwenye tangi ili gari lipunguze ulaji wa mafuta, zipite kwa salama. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya dawa na vifaa 100 vya aina hiyo na halikupata kinacholeta unafuu wa maana. Jaza upepo wa tairi sawasawa, utaokoa zaidi.

Na mtungi wa kuzimia moto. Wengi mnaununua ili trafiki asiwasumbue, na mtungi wa bei chee unatosha kwa hilo. Lakini ulizeni lile swali langu. Mtungi mtupu utaujua siku boneti inafuka moshi na mtoto amefungwa mkanda. Nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mshale ukiwa kwenye kijani, pini na lakiri vikiwa mahali pake.

Sasa wale vijana. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani namwambia awakimbie. Kijana anayesimama Mafiati au Mashine Tatu ya Iringa tangu asubuhi anafanya kazi ya halali, na wengi ndio wanaolipa ada za wadogo zao. Ninachotaka ni mnunue kwa mtu mnayeweza kumrudia. Serikali ilipowapanga wamachinga kwenye maeneo maalumu mwaka 2021 wengi waliumia, wengine biashara zilikufa, na hilo sitalifunika. Lakini kwa mnunuzi limeleta kitu kimoja kizuri: ukienda soko la machinga la Mlandege pale Iringa unamkuta mtu yuleyule, kizimba kilekile, wiki ijayo. Mtu wa namna hiyo akikuuzia waipa mbovu anabadilisha, kwa sababu anakutaka urudi. Chukua namba yake ya simu. Mpe kazi ya kukutafutia vitu. Baada ya muda atakwambia mwenyewe, "Dada, hiyo usichukue, mzigo huu siuamini." Neno hilo halipatikani kwenye foleni.

Nembo pekee isikulaze usingizi. Mwaka 2002 watu wa kampuni ya Abro ya Marekani, ambao dawa na gundi zao mnazijua, walifika kwenye maonyesho makubwa ya biashara Guangzhou, China, wakakuta kampuni nyingine imefungua banda lenye bidhaa zilizoandikwa jina lao. Kama wenye jina walikutana na hilo, wewe utalitambuaje usiku, kwenye taa za breki za gari la mbele? Tangu 2012 Shirika la Viwango, TBS, linataka bidhaa nyingi zikaguliwe huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, na hilo linasaidia, ila mzigo unaopita njia za panya haukaguliwi na mtu. Ukikuta kopo lisilo na jina la mwagizaji, tarehe wala namba ya toleo, hasa la oili au breki, lipeleke ofisi ya TBS ya kanda pale Mbeya, au utoe taarifa Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Usimshtaki kijana aliyelibeba. Ulizia alikolichukua.

Mdogo wangu wa Ilomba, mwisho wa ujumbe wako uliniambia kwa sauti ya chini kwamba ile chupa ya kijani ulishaimimina wiki iliyopita. Usihangaike, gari halijafa. Nenda kwa fundi asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, maana mfuniko wa rejeta haufunguliwi gari likiwa la moto kwa sababu yoyote ile. Mwambie amwage yote kwenye beseni, siyo chini, kwa sababu kama kwa bahati ilikuwa kulanti ya kweli, ni sumu tamu ambayo mbwa na kuku hunywa. Apitishe maji safi hadi yatoke meupe, bila kutu. Aangalie mpira wa mfuniko, na ukiwa umepasuka ubadilishe siku hiyohiyo. Kisha nunua duka la spea kulanti iliyokwisha kuchanganywa, siyo ile nzito ya kuongezwa maji, ili usianze kubahatisha vipimo. Ajaze, awashe injini na hita ya ndani ifunguliwe yote mpaka hewa iishe. Kesho yake, kabla hujawasha, funua boneti utazame kile kichupa cha pembeni. Kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo, ni hewa iliyotoka. Ongeza ile ile uliyonunua, isiwe nyingine kwa kuwa tu rangi zinafanana.